Insha kwa Mkono wa Baba

Mwalimu Agnetha Rugemalira alikuwa amefundisha Kiswahili miaka ishirini na saba katika shule moja ya msingi huko Izigo, na mwandiko wake ulijulikana hadi parokiani. Harusi ikitangazwa, kadi zililetwa kwake aandike majina ya waalikwa. Vyeti vya kipaimara aliviandika yeye. Aliamini kwamba mwandiko wa mtu ni adabu yake, na maneno hayo aliyarudia mbele ya kila darasa alilopewa.

Mwaka huo alikuwa na wanafunzi sabini na mmoja wa darasa la nne. Mmoja wao aliitwa Edvina, mtoto wa Kahigi na Joviana, wakulima wa migomba na kahawa. Edvina alikuwa na miaka kumi. Swali likiulizwa, mkono wake ulikuwa juu kabla ya wengine, na akipewa kitabu asome kwa sauti alisoma bila kukwama. Daftari lake lilikuwa jambo lingine. Herufi zilipanda juu ya mstari na kushuka chini yake, nyingine kubwa, nyingine ndogo kama punje ya ulezi. Maneno yalishikana bila nafasi. Neno "shamba" aliliandika "shaba", mistari miwili chini "sahmba", na mwisho wa ukurasa "shamba" sawasawa, kana kwamba watoto watatu walikuwa wakipokezana kalamu moja. Kazi ya kunakili kutoka ubaoni hakuwahi kuimaliza. Wenzake walipotoka kwenda kucheza, yeye alikuwa bado kwenye mstari wa tatu.

Mwalimu Agnetha aliuita uvivu, tena uvivu wenye kiburi, kwa sababu mtoto asiyeelewa angemvumilia, lakini huyu alielewa. Alimrudishia kazi aziandike upya. Akamnyima mapumziko. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha alikuwa amemchapa rula kiganjani mara nne, mkono ule ule wa kuandikia. Aliwahi pia kuwaita wazazi na kuwaambia kwamba huenda mtoto ana tatizo la macho. Wazazi walimpeleka Bukoba kupimwa, wakarudi wakasema macho ni mazima. Baada ya hapo mwalimu hakuwa na maelezo mengine zaidi ya yale aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Kisha ikaja insha ya nyumbani yenye kichwa "Siku Nisiyoisahau". Karatasi ya Edvina ilikuwa safi, mistari imenyooka, nafasi ziko mahali pake. Mwalimu Agnetha hakuhitaji kuuliza nani aliyeiandika. Kahigi alikuwa mwanafunzi wake miaka ishirini iliyopita, na mkia wa herufi "g" aliukunja kama ndoana tangu siku hizo. Hata hivyo aliisoma.

"Tulikuwa tumeanika kahawa kwenye majamvi," ilisema insha. "Mvua ikaja bila kutoa taarifa. Mzee Lwakatare jirani yetu hasalimiani na baba tangu habari ya mpaka. Siku hiyo aliruka mpaka huo huo, akashika jamvi upande mmoja na baba akashika upande wa pili. Waliingiza kahawa yote ndani. Halafu mzee Lwakatare akarudi kwake kwa kuzunguka barabarani, na kesho yake hakutusalimia."

Aliisoma mara mbili. Kisha akaandika sifuri juu ya ukurasa na kumwita mzazi.

Kahigi alikuja siku iliyofuata akiwa amevaa shati la kanisani, akaamkia na kubaki amesimama, kama zamani. Mwalimu alimwekea karatasi mezani. Kahigi hakukana.

"Mwandiko ni wangu, mwalimu," alisema. "Maneno ni yake. Yeye alikuwa anasema, mimi naandika. Nikikosea ananirudisha."

Alieleza kwamba Edvina alikaa na daftari tangu aliporudi shuleni hadi mama yake alipoanza kumenya ndizi za jioni, na muda wote huo alikuwa ameandika mistari miwili na nusu. Alikuwa analia bila sauti. Joviana ndiye aliyesema basi, imetosha, na Kahigi akachukua kalamu. Hakuongeza kitu. Hata ile habari ya mzee Lwakatare alimwomba mtoto aiondoe, isije ikaleta maneno kijijini, lakini Edvina alikataa, akasema ikiondolewa hapo hakuna insha.

Mwalimu Agnetha hakuamini. Alifundisha watoto na alifundisha wazazi wao, na alijua namna wanavyoteteana. Aliona njia fupi ya kumaliza jambo ni kumpima mtoto mbele ya baba yake. Mchana, darasa lilipokuwa tupu, alimwita Edvina, akampa kichwa kingine papo hapo: safari. Akamwambia asimulie, na yeye mwalimu angeandika ubaoni.

Edvina alimtazama baba yake, kisha akaanza. Alisimulia walivyokwenda Bukoba kupima macho. Alisema daktari alimwonyesha herufi ukutani, kubwa juu na ndogo chini, naye akazisoma zote, hata jina la kiwanda lililochapwa pembeni kabisa, ambalo halikuwa la kusomwa. Daktari akasema macho haya yanaweza kumwona senene aliyeko Karagwe. Baba alifurahi kwa sababu miwani haikuhitajika, lakini mama hakufurahi. "Mama alitaka niwe mgonjwa," alisema Edvina, "ili nipewe dawa."

Mwalimu Agnetha aliandika yote. Ilijaza mistari kumi na mmoja ya ubao, na hapakuwa na sentensi aliyolazimika kuinyoosha. Akabaki na chaki mkononi. Kisha akamwambia Edvina akae anakili maneno hayo, maneno yake mwenyewe, naye akaja kuketi kwenye dawati hilo hilo, bega kwa bega.

Miaka yote ile alikuwa ameyaona madaftari yakiwa yamekwisha kuandikwa, yamepangwa mezani kwake. Hakuwahi kukaa na kutazama daftari la mtoto kama huyu likiandikwa. Sasa aliona. Edvina alikaba kalamu mpaka kucha zikageuka nyeupe. Bega lake la kulia lilipanda karibu na sikio. Aliinua kichwa kutazama ubao kwa kila herufi, si kwa kila neno, na kila alipoinamisha kichwa alihangaika kupata mahali alipoishia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Katikati ya mstari wa pili aliacha kalamu, akakung'uta mkono, akaishika tena. Dakika arobaini zilipita. Alikuwa amemaliza mistari minne, na wa nne haukusomeka.

"Mkono unauma?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza."

"Mbona hukusema?"

Edvina alionekana kushangazwa na swali. "Nilidhani wote unawauma," alisema.

Kahigi alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo. Mwalimu Agnetha alimwambia Edvina aende akale. Aliifuta ile sifuri kwenye insha kwa kifutio, na kwa kuwa ilikuwa ya wino mwekundu haikufutika vizuri, ikaacha doa.

Jumamosi alipanda gari kwenda Bukoba. Huko Kibeta alikuwa akiishi Shamsia, mwalimu mdogo kwake kwa umri, aliyesomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Walifahamiana kwenye semina moja ambayo Mwalimu Agnetha, kwa kusema kweli, aliihudhuria akiwa anaandika kadi za harusi chini ya meza. Alikuwa amebeba madaftari matatu ya Edvina na ile insha. Shamsia alimkaribisha chai, akayafungua madaftari taratibu, ukurasa kwa ukurasa, na akauliza maswali yake bila haraka. Je, mtoto anasoma? Anasoma kuliko wote. Akiulizwa kwa mdomo? Anajibu kabla swali halijaisha. Kufunga vifungo vya sweta, kukata kwa mkasi? Mwalimu Agnetha hakujua. Aliahidi kumwuliza Joviana. Baadaye Joviana alimjibu kwamba vifungo ni ugomvi wa kila asubuhi.

"Wataalamu wanaliita tatizo hili disgrafia," Shamsia alisema. "Ni ulemavu wa kuandika. Hauko kwenye macho, wala si upungufu wa akili. Maneno anayo kichwani, lakini njia ya kuyafikisha mkononi ina vizuizi. Wewe na mimi mkono unaandika wenyewe. Yeye kila herufi anaitengeneza upya."

Alionya kwamba yeye si daktari, na kwamba kuna vipimo vya kina ambavyo hapa karibu ni vigumu kuvipata. Lakini alisema mwalimu hahitaji kusubiri cheti cha hospitali ili aache kufanya makosa. Akamwelekeza: mtoto apewe muda zaidi, apewe karatasi ya kunakili iliyo mbele yake badala ya ubao, mistari iwe mipana, kalamu izungushiwe kitambaa inenepe, kazi ndefu ikatwe vipande. Maarifa yapimwe kwa mdomo pale inapowezekana. Na kusahihisha insha kuwe mara mbili: alama za mawazo zisizamishwe na alama za mwandiko.

"Atapona?" Mwalimu Agnetha aliuliza.

"Si malaria, dada. Atajifunza namna ya kuishi nao. Baadaye atapiga chapa, na watu hawatajua."

Shamsia aliuliza swali moja zaidi, kama ada ya kazi yake: amewahi kufundisha mtoto mwingine wa namna hii? Mwalimu Agnetha alisema hakumbuki. Lakini ndani ya gari, kabla hawajafika Kemondo, alikumbuka. Alikuwa anaitwa Avit.

Avit alipita darasani kwake miaka kumi na minne iliyopita. Alijua kusimulia, alijua hesabu za kichwa, na daftari lake lilikuwa kama la Edvina au baya zaidi. Mwalimu Agnetha hakumchapa sana. Alifanya kitu ambacho wakati ule alikiona cha busara kuliko fimbo: alilitundika daftari la Avit ukutani, limefunguliwa, karibu na mlango, ili kila anayeingia aone mwandiko usiotakiwa. Watoto walipita wakicheka. Avit aliacha shule darasa la sita, akaenda kisiwa cha Goziba kwa wavuvi. Mama yake, Anatolia, alikuwa bado anauza ndizi pale sokoni Izigo, na Mwalimu Agnetha alinunua kwake karibu kila wiki. Hawakuwahi kuzungumza habari hiyo.

Jumatatu alianza kufanya alivyoelekezwa. Haikuwa rahisi. Mwalimu mkuu, Damian, alikubali lakini akataka isionekane kama upendeleo, maana wazazi wengine wangeuliza. Na kweli waliuliza. Watoto nao walilalamika kwamba Edvina anaandika nusu na kupewa alama sawa. Mwalimu Agnetha aliwaambia darasa zima washike kalamu kwa mkono wasiouzoea, waandike sentensi tano alizokuwa anazisoma haraka. Walipomaliza alizunguka akitazama, akawaambia wageuze ukurasa. Malalamiko yalipungua, ingawa hayakuisha. Edvina mwenyewe alibadilika kidogo kidogo. Aliandika kwa uzito ule ule, ila aliacha kupoteza kalamu kama ilivyokuwa kila wiki, na mwalimu akagundua kwamba kalamu zile hazikuwa zikipotea, alikuwa akizitupa.

Upimaji wa darasa la nne ulipokaribia, shule iliandika barua kuomba Edvina aongezewe muda. Barua ilikwenda, jibu halikurudi. Edvina alifanya mitihani pamoja na wenzake, kwa saa zile zile. Siku ya Kiswahili alitoka akasema hakumaliza. Imla ilimwacha njiani, na insha aliandika aya moja. Kahigi alikuwa anamsubiri langoni na baiskeli. Akampakia.

Likizo ya Desemba ilipoanza, Mwalimu Agnetha alikwenda sokoni kwa Anatolia, akaomba namba ya simu ya Avit. Anatolia alimpa, akamwambia kwamba ujumbe wa maandishi hajibu, na kwamba hajarudi nyumbani Krismasi, mwaka wa nne huu. Alimzungumzia mwanawe kama mtu aliyemkosea. Alisema aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya sare na madaftari yake, na mtoto akayatupa masomo kwa uvivu. Mwalimu Agnetha alishika mkungu wa ndizi na kuuweka chini tena. Alitaka kusema pale pale, lakini aliona kwamba wa kwanza kusikia hapaswi kuwa mama.

Alikwenda Goziba kwa boti iliyopeleka mizigo. Hakuwa amewahi kuingia ziwani, na alitapika njia nzima, huku wanawake wawili wafanyabiashara wa dagaa wakimshikia kanga. Kisiwani aliuliza mara tatu kabla ya kuonyeshwa. Avit alikuwa anatengeneza wavu mbele ya kibanda cha mabati. Vidole vyake vilikwenda polepole, na fundo moja alilirudia mara mbili. Alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na minne sasa, mpana wa mabega. Alimtambua mara moja, akasimama.

"Shikamoo mwalimu. Mama amefariki?"

"Hapana. Mama mzima."

Avit akaketi tena. Alimpa ndoo aikalie. Mwalimu Agnetha alikuwa amepanga maneno tangu Izigo, lakini bahari ile ya maji baridi ilikuwa imemtoa nguvu, akayasema kwa mkato. Alisema kuna mtoto darasani kwake mwenye mwandiko kama wa Avit. Alisema amejifunza kwa mtaalamu kwamba si uvivu, ni ulemavu, unazaliwa nao, na wenye nao wengi wana akili nzuri. Alisema yeye kama mwalimu alipaswa kuutambua na hakuutambua.

"Nililitundika daftari lako," alisema. "Lilikaa wiki mbili pale. Nilikosea, Avit."

"Wiki tatu," Avit alisema.

Hapakuwa na hasira ndani ya sauti yake. Alisahihisha tu. Akaendelea kufunga mafundo kwa muda, kisha akauliza unaitwaje, ulemavu huo. Mwalimu akamwambia. Avit aliomba arudie, akarudia, na Avit naye akalitamka lile neno mara mbili, polepole, kama mtu anayepewa jina la mahali atakapokwenda.

"Kumbe una jina," alisema.

Aliuliza kama huyo mtoto wa sasa wanamchapa. Mwalimu akasema hapana, si tena. Aliuliza kama anasoma bado. Mwalimu akasema anasoma. Avit alifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu, akatafuta namba kwa kutazama picha za watu alizozihifadhi, akampa.

"Mwambie mama," alisema. "Mimi nikimwambia atasema najitetea."

Mwalimu Agnetha alimwambia Anatolia kwa Kihaya, akisimama pale pale, mtandao ukikatika na kurudi. Alieleza kila kitu tangu mwanzo, pamoja na habari ya daftari ukutani, ambayo Anatolia hakuwahi kuijua. Kisha Anatolia akaomba apewe mwanawe. Avit alisikiliza akiwa ametazama chini. Alijibu "ee, mama" mara kadhaa. Mwisho alisema amekula, ndiyo, amekula samaki na ugali.

Mwalimu Agnetha alilala kwa wale wanawake wa dagaa na kuondoka asubuhi. Avit alimsindikiza hadi kwenye boti. Hakusema kama amesamehe, na mwalimu hakumwuliza. Krismasi hiyo Avit alikwenda nyumbani siku nne, akarudi Goziba. Maisha yake yalikuwa huko, alikuwa na mke na mtoto mchanga.

Matokeo yalitoka Januari. Edvina alipata B ya Sayansi, C ya Hisabati, na D ya Kiswahili. Alikuwa amefaulu kuingia darasa la tano. Kahigi alikuja shuleni kuuliza ile D inarekebishwaje, maana kwa mdomo mtoto huyu anakijua Kiswahili kuliko baba yake. Mwalimu Agnetha alimwambia hairekebishwi, itabaki kwenye karatasi, na zitakuja nyingine kama hiyo, kwa hiyo wajiandae. Alimwambia pia kwamba mwalimu wa darasa la tano, Protase, ameshaelezwa, na kwamba barua ya kuomba muda kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba itaanza kuandikwa mwaka huu huu. Kahigi alishukuru, akasimama kidogo, akasema Joviana ameanza kumfundisha mtoto kuandika ujumbe kwa simu, na kwamba kwa vidole viwili anaandika haraka kuliko wao wote wawili.

Mwalimu Agnetha aliomba kushushwa afundishe darasa la kwanza, mahali mkono wa Edvina ulipoanza kuuma. Damian alishangaa, kwa kuwa walimu wa umri wake huomba kinyume chake, lakini nafasi ilikuwepo, akampa.